Mstari Mweupe wa Upande wa Kulia

Baba Kabula,

Mwangaluka. Sijui kama huko uliko kuna asubuhi, ila wewe bila salamu ulikuwa huongei na mtu.

Lile gari jekundu la spoti limerudi. La yule mnunuzi wa pamba, lililoingia Bariadi mwaka ule watu binafsi waliporuhusiwa kununua, gulio zima likahamia uwanjani kwetu kulishangaa. Ulilipiga mistari miwili myeupe, mmoja kila ubavu, ikakutana mbele kwenye boneti. Jana yake nilikuwa nimesiriba uwanja kwa mavi ya ng'ombe ili vumbi lisiinuke, kama tulivyofanya siku zote za kupuliza rangi. Mwenye gari akaziba pua. "Gari langu litanuka zizi." Ukamjibu taratibu, "Harufu itaoshwa, bwana. Vumbi likishika rangi mbichi, haliondoki." Nilikupenda sana siku ile.

Sasa ng'ombe wamelikwangua kwa pembe njia ya Maswa, ubavu wote wa kulia. Mwenye gari alikuwa hajui kwamba umeshatangulia. Akavua kofia, akauliza nani anapuliza siku hizi.

Mdogo wako Masanja alikuwepo. Alikuja tena na maneno yake ya kuuza kompresa yako ya kupulizia, eti karakana bila fundi ni banda la kuku. Nikasema nitapuliza mimi. Sijui mdomo ulitoka wapi.

"Shemeji, ukiliharibu tunauza," akasema.

"Tutauza," nikamjibu.

Nikasiriba uwanja. Nikapiga msasa hadi mabega yakaniuma. Ile nyekundu jua limeipausha, kopo jipya halikufanana nayo hata kidogo, basi nikafanya ulivyokuwa ukifanya: nikachanganya kidogo, nikapaka ukucha wa dole gumba, nikangoja ukauke, nikausogeza kwenye bati la gari. Ulikuwa ukiniambia, "Rangi mbichi inadanganya, mama." Kucha zako zilikuwa na rangi hata kanisani, nami nilikuwa naona aibu. Leo za kwangu ndizo zenye rangi, na wala sizisugui.

Mstari ndio ulionitisha. Nilibandika tepu, nikaibandua, nikabandika tena. Nilipopuliza nilikuwa naomba Mungu kimoyomoyo, naogopa kweli.

Ulipokauka Masanja akachuchumaa mbele ya gari. Akafumba jicho moja, akalifumbua, akafumba la pili. Akaufuata mstari wa kushoto kwa kidole mpaka kwenye boneti, akaufuata wa kulia, akarudia. Mwisho akaniuliza kwa sauti ndogo, kama aliyesahau ubavu uliokwanguliwa, "Shemeji, wa kaka ni upi?"

Sikumwambia. Akainuka, akaikokota kompresa mwenyewe, akairudisha ndani.

Nimekukumbuka, mume wangu, ila leo sikulia. Kesho inakuja pikapu ya mtu wa Kiloleli, na mavi ya ng'ombe nimeshaagiza. Pumzika, karakana ipo.

Mkeo,
Mama Kabula