Chupa ya Damu Safi

Tarehe 4 Machi

Shangazi mpenzi,

Kabla hata ya shikamoo, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu: damu iliyovuruga kazi ya maabara nzima Alhamisi ni yangu.

Sasa shikamoo. Mimi mzima, nadhani. Wewe na tumbo letu la miezi minne mnaendeleaje?

Unajua kazi yangu ni kuosha vyombo. Hapa wanapima damu za watu na za mifugo, wakitafuta ugonjwa wa kutupa mimba. Tone la damu iliyochujwa linachanganywa na dawa ya rangi ya waridi. Likifanya chembechembe, ugonjwa upo. Pembeni linawekwa tone la damu safi, isiyo na ugonjwa, la kulinganishia. Nilipokuwa nafuta rafu, nikaiangusha chupa ya damu safi. Ikavunjika. Kila anayeajiriwa hapa hutolewa damu ikachujwa na kuhifadhiwa kwenye friji, basi nikachukua yangu nikaijaza kwenye chupa nyingine. Nikajiambia, mimi sijawahi kuugua, damu ni damu.

Ikafanya chembechembe, shangazi. Msimamizi akamfokea fundi wa maabara: "Umechafua dawa! Miaka kumi kazini, unapima kama anayekoroga chai!" Fundi akaanza kupima upya. Mimi nilikuwa nasugua glasi iliyokwisha kutakata.

Kinachoninyima raha zaidi ni wewe. Tangu uanze kunilea tumekunywa maziwa ya ng'ombe yule, mabichi, kikombe kimoja wawili. Yeye alitupa ndama. Wewe mimba mbili. Tafadhali, nenda ukapimwe.

Mwanao,
Kobe

Tarehe 9 Machi

Kobe wangu,

Marahaba, mwanangu. Tumbo halijambo, miguu ndiyo inayolalamika.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Ng'ombe gani mgonjwa? Huyu aliyevunja uzio jana akamkimbiza mwalimu mkuu mpaka barabarani? Maziwa yake ndiyo yaliyokusomesha. Wifi zangu tayari wananiita mti usiozaa, na hii mimba hawaijui bado. Leo niwape la kusema kwamba hata zizi langu lina nuksi? Siendi popote.

Nawe nenda ukaseme kosa lako. Mtu amebeba mzigo wako, wewe unasugua glasi!

Shangazi yako

Tarehe 20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Hali yako? Umenuna? Nimekawia kwa kuwa sikutaka kukuandikia kabla sijafanya ulichoniambia. Mara tatu nilifika mlangoni kwa msimamizi, nikageuka na ndoo yangu. Jana fundi akapewa barua ya onyo. Nikaingia. Nilisema yote kwa pumzi moja, naangalia viatu vyake.

Akaweka kalamu chini, akauliza, "Nyumbani kuna mwingine anayekunywa maziwa hayo?"

Nikasema yupo shangazi, na ana mimba. Najua ilikuwa siri yako. Nisamehe.

Sikufukuzwa. Nimeanza dawa. Barua ya fundi imechanwa, na ndiye atakayekuja kukupima Jumanne. Mpe kiti.

Mwanao

Tarehe 28 Machi

Kobe,

Mdomo wako! Miaka kumi na nane hausemi, siku ukisema unatangaza tumbo langu!

Sijambo. Fundi wako amekuja. Ng'ombe amemkanyaga, nikacheka, naye akacheka huku anachechemea. Ametutoa damu wote wawili, mimi na ng'ombe. Majibu yangu yatapitia kwa daktari wa kliniki, baada ya wiki tatu. Amesema nichemshe maziwa, na nisimguse ng'ombe mpaka majibu yatoke. Nikamwambia ng'ombe hasubiri majibu. Siku zake za kuzaa zimefika, na mkunga wake ni mimi, kwa mikono yangu hii, kama miaka yote.

Nimekutii vya kutosha. Usililie msiba usiokuwepo.

Shangazi yako

Tarehe 31 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na usikasirike kwamba siulizi hali.

Leo asubuhi nililetewa vigae vya kupimia ili nivioshe. Matone yalikuwa bado hayajakauka. Kigae kimoja kilikuwa na namba yako; niliiona daftarini, naijua. Nikatazama, nikakipeleka kigae dirishani, nikatazama tena. Chembechembe. Cha ng'ombe nacho vilevile.

Haturuhusiwi kumpa mtu majibu. Msimamizi aliponisamehe, hilo ndilo aliloniapisha. Lakini wiki tatu ni nyingi. Ng'ombe akizaa usimguse, wala ndama, wala nyasi alizolalia. Mwite daktari wa mifugo. Wewe nenda kliniki leo. Sema una mimba, sema umekunywa maziwa mabichi, usiondoke mpaka wakupime. Dawa ya wajawazito ipo. Nilimuuliza fundi kama huokoa mimba, akasema ikiwahi kuanzwa, wengi huokoka. Hakusema wote.

Barua hii nimempa dereva wetu akukabidhi mkononi. Ukimaliza kuisoma, itie jikoni iungue. Usimwambie mtu, hata mumeo. Na siku daktari atakapokuita akusomee majibu, shtuka, tafadhali. Shtuka kama mtu anayeyasikia kwa mara ya kwanza.

Mwanao