Kura ya Kumi na Mbili

Mjukuu wangu Salha,

Pokea salamu zangu pamoja na mbwembwe zake. Bibi yako hajambo, goti tu linamsumbua, na kwa kelele bado ananishinda. Unasema huko jimboni kwenu Marekani wanapigia kura gavana, makamu wake, hata mweka hazina, na unauliza kama babu aliwahi kugombea. Nimegombea! Tena mimi huyuhuyu wa darasa la saba.

Ilikuwa Guangzhou, kule China, miaka ya tisini mwishoni. Mzee Shaibu, mwenyekiti wetu sisi wafanyabiashara Waswahili wa huko, alikuwa amefariki wiki iliyotangulia. Tukakutana mchana kwenye mgahawa mmoja mtaa wa Xiaobei, watu kumi na mmoja, tumchague mrithi: mimi au dada Zuhura. Kura tukatia kwenye boksi la viatu.

Zikatoka kumi na mbili. Sita zangu, sita zake. Moja ya zake iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, wino wa kijani, mwandiko wa Mzee Shaibu mtupu.

"Marehemu hapigi kura!" nikabwata. "Itupeni, nimeshinda!"

"Itupe mwenyewe, bingwa," akasema Zuhura.

Nikaishika. Cheo nilikitaka mno, ila mkono ulikataa. Nikairudisha mezani, nikasema mwenyekiti ni dada Zuhura. Akanipa umakamu.

Baadaye aliniuliza kama ule wino ulikuwa mkavu. Nikamwambia mkavu kabisa. Nilimdanganya, Salha. Nilitoka pale na kidole cha kijani.

Babu yako,
Makamu Mstaafu