Mifupa Aliyoiokota Mama Kawe

Jumatatu, 6 Mei
Nimesahihisha madaftari ya biolojia ya Kidato cha Pili mpaka saa tisa. Nusu yao hawajui figo liko wapi. Nyumbani nimemkuta Mama amekaa chini, katandika kanga, juu yake mifupa minne. Kaiokota ufukweni hapa Kawe, mvua imekula ukingo.
"Kaka yako karudi," akasema.
Hamisi alizama miaka miwili iliyopita, akiogelea na wenzake. Mwili haukuonekana.
Nikashika mfupa mmoja. Mzito mno. Nikaugonga kwa ukucha, ukalia kama kikombe. Nilijua palepale si wa mtu. Nikanyamaza.

Jumanne, 7 Mei
Baba mdogo kanunua sanda. Maziko kesho, baada ya alasiri. Habari za polisi Mama hataki kuzisikia. Kala sahani nzima ya wali na kucheka na majirani. Mie mwoga, basi.

Jumatano, 8 Mei
Nimeiba mmoja Mama akiwa anasali. Nimeupeleka chuo kikuu kwa mwalimu wangu wa zamani. Hakuvaa hata miwani. Akasema ni ubavu wa nguva, yule mnyama wa baharini, umegeuka jiwe, una maelfu ya miaka. Alifurahi! Akauliza mingine iko wapi. Nikamchukia, maskini, na hana kosa.
Narudi, kaburi limeshachimbwa. Watu wamejaa uani. Nikasema mbele ya shehe na Baba mdogo kwamba mifupa si ya mtu.
"Wewe na vitabu vyako," Mama akasema. "Umemzamisha tena."
Ningesema Jumatatu, asingeaibika mbele ya mtaa mzima. Kosa langu.

Ijumaa, 10 Mei
Shehe kaja tena na yaleyale: ambaye mwili wake haukupatikana husaliwa sala ya ghaibu. Miaka miwili Mama alimjibu kwamba hasaliwi mtu aliye hai. Leo kaitikia kwa kichwa tu. Wamemsalia msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Kaburi limefukiwa tupu. Nimejifungia chooni nikalia.

Jumapili, 12 Mei
Mvua tangu alfajiri. Mama hajanisemesha tangu Jumatano. Saa nne akaniita jikoni, anachambua mchele, hakuinua macho.
"Yale mashati ya marehemu kaka yako. Baba'ako mdogo yatamtosha."
Marehemu. Hakuwahi kulitamka.
Nikaenda kuyatoa kabatini.