Shahada ya Profesa

Bweni la Wasichana,
Chumba Na. 14.
9 Machi

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Hamjambo huko? Goti la baba mdogo limepata nafuu, au bado analisingizia kila anapotumwa dukani? Mimi afya ninayo. Moyo ndio haujatulia.

Nina jambo la kukwambia, na linakuhusu. Siku tulipomzika pacha wangu, Profesa wetu kama tulivyomwita nyumbani, ulinishika mabega ukaniambia, "Nyamaza, mwanangu. Sasa utasoma kwa niaba yenu wawili." Najua ulikuwa unanibembeleza tu. Mimi nikaenda nikafanya hivyo hivyo.

Unakumbuka tulivyopanga: mimi Sayansi ya Kompyuta, yeye Takwimu, kisha tufungue ofisi yetu, yeye apige hesabu na mimi niandike programu. Hapa chuoni wanaruhusu kusoma shahada mbili kwa mpigo, basi nikajiandikisha zote. Mshauri wa masomo alinionya kuwa masomo saba kwa muhula yatanitoa jasho. Nikamjibu kwa kiburi kwamba kwetu tunazaliwa wawili wawili. Akacheka, masikini, hakujua.

Mwaka mzima nimekuwa nikitoka mbio maabara ya kompyuta kuwahi Takwimu, nikae kiti cha mbele, maana Profesa hakuwa akiona mbali. Sielewi kitu. Na programu zangu, ambazo zamani niliziandika huku naimba, sasa zinagoma na sina muda wa kutafuta kosa liko wapi.

Mwezi jana matokeo ya Takwimu yalibandikwa, jina langu halimo. Nikaenda ofisini nimefura. Karani akapekua rundo la karatasi, akanisukumia moja. "Huyu kwenye orodha hatuna. Unamjua?"

Ulikuwa mwandiko wangu, Mama Mdogo. Juu nilikuwa nimeandika jina la Profesa, na sikumbuki kuliandika. Alama zilikuwa za kufeli. Nililia palepale mbele ya watu, kwa sababu yeye hakuwahi kufeli hesabu hata mara moja.

Jana nimeiacha Takwimu. Kwenye fomu kuna mstari wa kueleza sababu. Nilikaa nao nusu saa, kisha nikaandika: Mwenye somo hili amefariki. Karani alisoma, akagonga muhuri. Nahisi nimemzika mara ya pili, na safari hii peke yangu.

Mama bado hajui. Huwaambia majirani kwamba shahada ya Profesa inakuja. Naomba umpigie simu wewe, mimi nikianza sitamaliza. Na usijilaumu kwa yale maneno. Yalinishikilia wakati sina cha kushika.

Msalimie baba mdogo, na bibi umbusu kwa niaba yangu. Mungu awatunze nyote, na Profesa ampumzishe. Safari hii apumzike kweli, hana mtihani tena.

Mwanao akupendaye daima,
Kitinda