Kisanduku cha Kelele

Jumatatu, 4 Machi 2002

Shifti ya asubuhi, nyumba ya wazee ya Stafford, nje kidogo ya Houston. Nimeogesha wazee watano, nimelisha watatu, hakuna aliyeanguka. Mikono hii ina kipaji. Ila saa nne Bibi Remedios, Mhispania wa chumba cha sita, hakuimba. Miezi saba namhudumia, hajakosa siku. Leo kakaa tu, mate yanamtoka.

Jumanne, 5 Machi

Bado kimya. Anasinzia kijiko kikiwa mdomoni. Huyu ni mtoto wa fundi viatu wa Valencia, kaimba opera Madrid, Buenos Aires, mpaka hapa Houston. Amekufa jukwaani mara elfu na kila mara akaamka akaenda kula samaki. Ananiita Nahodha. Melini nilikuwa mpishi, lakini sijamsahihisha. Valencia nimefika. Yeye kwetu Tanga hajafika.

Jumatano, 6 Machi

Nimegundua. Wanampa kidonge cha kumtuliza, eti ana fujo. Fujo! Watu walivaa suti kwenda kusikiliza fujo hiyo. Nimewaka. Nimemwambia Mama Furaha, Mkongo wa shifti yetu, aliyemchongea bibi nikimjua atanitambua.

Alhamisi, 7 Machi

Mama Furaha kafungua faili la bibi. "Angalia, papa. Iyi mwandiko ni ya nani?"

Wangu. Kila siku, saa nne, alama kwenye kisanduku cha kupiga kelele. Fomu haina kisanduku cha kuimba, na mimi nilitaka nionekane najaza kila kitu. Daktari kasoma miezi saba ya kelele.

Mjinga. Mjinga aliyezunguka dunia.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeingia kwa nesi mkuu. Kiingereza kilinikimbia, hasira ilibaki. Nikamwambia kosa ni langu, nifukuzeni mimi, bibi mwacheni aimbe. Akasema wengine wanalalamika. Nikamwambia televisheni ya sebuleni inapiga kelele kutwa, mbona haijapewa kidonge? Hakucheka. Ila alimpigia daktari, na mimi nikasimama pale pale mpaka akamaliza.

Jumatano, 13 Machi

Siku ya tano bila kidonge. Daktari hakuahidi kitu. Kasema umri nao upo.

Saa nne nilikuwa nakunja mashuka ya bibi. Akavuta pumzi. Sauti ikatoka inakwaruza, ikakatika. Akanitazama kama anayeomba radhi. Nikaendelea kukunja, taratibu.

Akaanza tena, chini zaidi.