Maandishi Makubwa ya Miwani

3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu, wewe na mama yako. Mimi mzima, isipokuwa mgongo, na huo nimeshauzoea kama jirani mwenye kelele. Huku kwenye ujenzi simu haishiki, ni zege tu, asubuhi zege, jioni zege.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili ndiyo nikaelewa. Yaani mko watano, mnaandika msimbo wa programu moja, ile ya kuwakumbusha wagonjwa siku ya kurudi kliniki, lakini kila mmoja kompyuta yake imepangwa kivyake. Huyu mistari yake inaingia ndani nafasi mbili, yule nne. Mtu akihifadhi kazi, kompyuta yake inanyoosha ukurasa mzima kwa mtindo wake, na kesho ukitaka kujua nini kimebadilika, unaona kila kitu kimebadilika. Ndiyo maana ule mstari uliofutika kwa bahati mbaya hakuna aliyeuona, na wagonjwa wakaitwa siku siyo. Na bosi wako kasema likitokea tena, kazi anawapa watu wengine.

Hapa tulikuwa hivyohivyo. Kila fundi na futi yake, ukuta ukatoka na tumbo. Msimamizi akaleta kipimo kimoja kwa wote, basi. Nawe walazimishe. Akija mtu na "mimi nimezoea", mazoea ayaache mlangoni. Hata huyo rafiki yako Miwani, asikulainishe kwa kuwa mmekua pamoja na amekula sana jikoni kwetu. Ukimwachia yeye, wote watataka.

Mimi baba yako


21 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama anasema huyo jirani mwenye kelele umpake dawa, usimzoee.

Nimefanya ulivyosema. Nimechukua mipangilio ya kompyuta yangu, yote kama ilivyo, nikaiweka kwenye faili moja ndani ya folda ya kazi. Anayefungua kazi, kompyuta yake inafuata faili hilo apende asipende. Baba, ni raha. Likibadilika neno moja, naona neno moja. Hata bosi amepunguza kukohoa nyuma ya kiti changu.

Miwani peke yake ndiye kanuna. Unayajua macho yake. Yeye huandika kwa maandishi makubwa ya manjano kwenye kioo cheusi, sasa anapata madogo kama yangu, na kioo cheupe. Akaniambia, "Dada mkubwa, nafasi za mistari nimekubali. Na macho nayo tugawane?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Nikamwambia mazoea ayaache mlangoni. Akasema, "Hayo ni ya Mzee, hayo." Alikutambua papo hapo.

Juzi akajaribu kukuza maandishi, akabadilisha faili la wote bila kukusudia. Asubuhi kila mmoja akakuta herufi kama za bango la duka. Nikamsema mbele ya wenzake. Alivua miwani yake, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaendelea na kazi pua ikikaribia kugusa kioo.

Atazoea tu.

Mwanao


9 Mei

Mwanangu,

Salamu nyingi. Naandika nimelala, usimwambie mama yako.

Stoo waliona taabu kuuliza miguu ya watu, wakaleta mabuti ya saizi moja. Mwenye mguu mdogo anajaza matambara. Mimi wangu unaujua, mpana kama jembe. Nimeubana wiki hizi zote hadi kidole kikaoza kucha. Nikaenda kulalamika. Msimamizi, wala si mtu mbaya, akanijibu kwa upole kabisa: "Mzee, nikikubadilishia wewe, wote watataka."

Nilisimama pale kama mtu aliyeitwa jina lake. Ni maneno yangu yaleyale niliyokuandikia.

Sasa sikia. Kipimo kimoja tuliletewa kwa ajili ya ukuta, na ukuta umenyooka, sina ubishi. Lakini mguu wangu hauingii ukutani. Na macho ya Miwani, mimi sijui kompyuta, lakini je, yanaingia kwenye kazi yenu? Mistari ikiwa sawa, yeye akiiona kwa manjano au kwa kijani, mgonjwa atajua? Uliza, wewe ndiye mwenye elimu hiyo. Na umwite Miwani leo, usingoje kesho. Mwambie Mzee aliropoka.

Barabara imekatika kwa mvua, dereva wa lori anayetubebea barua hajui atashuka lini. Ndicho kinachoniuma kuliko kidole.

Baba yako


2 Julai

Baba,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mama ameshajua, aliisoma barua ikiwa mkononi mwangu, jiandae.

Barua yako imefika jana. Miwani ameondoka kazini tangu mwisho wa Mei.

Hakugombana na mtu. Aliaga meza kwa meza. Mimi akaniambia, "Macho yanauma, dada. Ni hayo tu." Nikamwambia aende akapimwe. Ndivyo nilivyomwambia, Baba.

Tukapata msichana mpya. Akalisoma faili la mipangilio, akauliza bila ubaya: "Ukubwa wa herufi na rangi umeviweka vya nini humu? Kwani vinaingia kwenye msimbo?" Haviingii. Ilikuwa mistari mitatu. Nikaifuta, ya kunyoosha kazi ikabaki, hakuna kilichoharibika. Chai yangu ilikuwa bado ya moto.

Kisha nikawasha kompyuta ya Miwani nimkabidhi huyo msichana. Kazi ikafunguka kwa maandishi makubwa, ya manjano, kioo cheusi. Nikadhani kuna mtu ameichezea. Hapana. Mipangilio yake hakuwahi kuifuta. Ilikuwepo siku zote chini ya yangu, ikingoja niondoe yangu.

Msichana nimempa kompyuta nyingine. Miwani nimemwandikia, hajajibu. Simu inaita mpaka inakata.

Mwanao


28 Julai

Mwanangu,

Nimekusikia. Kucha imetoka, mguu unakanyaga. Mabuti nimeyachana ubavuni kwa kisu, msimamizi akajifanya haoni.

Safari hii sina ushauri, niliokupa unatosha. Ila yale maneno ya mlangoni yalitoka kwangu, usiyabebe peke yako.

Nami nimemwandikia Miwani, kwa herufi kubwa, na wino mzito wa kuandikia mbao. Maneno machache tu yakajaza karatasi nzima. Dereva alichungulia, akaniuliza, "Mzee, unamwandikia mtoto?" Nikamwambia hapana, namwandikia mtu mzima.

Akikujibu wewe kwanza, niambie upesi. Lori siku hizi nalisikia kabla halijamaliza kupanda kilima. Dereva ameshanijua. Akiniona tu nimesimama njiani, anaanza kutikisa kichwa kutoka mbali.

Baba yako