Mjomba, Taa Yako Imefika

Mjomba,

Taa yako imefika. Nimeona nianze na hilo, maana ndilo ambalo ungeuliza kwanza. Ungekuwa unavua viatu mlangoni, hata salamu hujaitikia, "Imefika?" Imefika, Mjomba. Imekuja baada ya hitima yako.

Mleta vifurushi alisoma jina lako lote pamoja na la babu, akaliharibu kama wanavyoliharibu watu wote wa hapa. Akaniuliza kama upo. Unanijua mimi na watu wa mlangoni. Nikatikisa kichwa kukubali, nikapokea boksi, nikafunga mlango. Halafu nikakaa nalo chini pale penye makoti, koti lako linanigusa kichwani, nikawa najiuliza kwa nini nimekubali.

Mkaza mjomba hakuja mlangoni, alikuwa amekaa eda. Alisikia tu mkanda wa gundi unachanika, akauliza kutoka chumbani, "Vile vidude vyake?" Nikasema ndiyo. "Hebu lete ninuse." Nikampelekea. Si unajua alivyokuwa akiilalamikia ile harufu ya plastiki mpya, kwamba umemgeuzia nyumba duka la ndoo? Safari hii aliinamisha uso ndani ya boksi, akabaki hivyo hivyo. Nikatoka nikamwacha.

Nakuandikia kwa sababu kusema sijui. Siku ya hitima watu walinipa pole, na mimi nikawa naitikia kwa kichwa tu. Wewe ulikuwa ukinicheka: "Huyu mtoto kasoma lugha mbili ili apate kunyamaza kwa zote mbili." Lakini kuandika naandika, na aliyeligundua hilo ni wewe, si mwalimu. Ulinikalisha kwenye meza ya jikoni, ukanipa simu yako na chai ya tangawizi, ukasema kuanzia leo mimi ni Waziri wako wa Mambo ya Nje. Kazi yangu ni kuzungumza na Uchina.

Na tulizungumza nayo! Tulinunua mtandaoni waipa za gari zilizolia kama paka kila mvua ikinyesha, na hapa Ilford mvua ya Waingereza haiishi. Tulinunua chujio la hewa lililozidi ukubwa, ukalipunguza kwa mkasi wa mkaza mjomba wa kushonea, akakununia mpaka Ijumaa. Kifuniko cha kioo cha pembeni tulikipata sawasawa, rangi tu ndiyo ilikuwa kijivu cha gari jingine. Baba akawa anakutania, "Shemeji, gari lako linaundwa na watu wasiojuana." Ukamjibu, "Na wewe koti lako je?" Nilicheka chai ikanitoka puani.

Lakini kuna kitu kimoja hukunikubalia hata siku moja. Niliwahi kukuonyesha pedi za breki, bei ya kutupa, nyota tele. Ulinipokonya simu. Hukucheka. "Breki hatununui kwa picha. Nyuma nabeba watoto wa watu." Siku ile nilijua kuwa mchezo wetu una mpaka, na kwamba mpaka unaujua wewe.

Halafu zile salamu zako. Sikukwambia, lakini zilikuwa zikinitia haya mno. Mtu anauza taa za magari maelfu kwa maelfu, sisi tunamwandikia hujambo, watu wako hawajambo, baridi huko ikoje. Nilikwambia, "Mjomba, huko wanataka namba ya kitu tu." Ukasema, "Nani kakwambia? Muulize mtu hali yake kwanza. Ya taa yatafuata." Nikaandika huku nimefumba jicho moja. Na yule muuzaji tuliyempa jina la Bwana Taa akajibu! Akasema hajambo, ila mama yake anaumwa goti. Ulifurahi kama uliyepokea barua kutoka kwenu. Tangu hapo kila ujumbe wetu ulibeba goti la mama yake Bwana Taa. Mara limevimba, mara limepata nafuu. Ulimshauri amkande kwa maji ya moto na chumvi, nami nikatafsiri.

Sasa nikwambie hali ya hapa.

Gari lako lilibaki pale pale chini ya flati, na taa ya kushoto ilikuwa na ufa ule wa kugongwa na kitoroli cha dukani. Emotii, ule ukaguzi wa mwaka, ilikuwa karibu kwisha. Baba akasema haifai kurithishana mzigo, aitwe mtu wa vyuma chakavu aje alichukue. Hakusema kwa ubaya. Nadhani hapendi kulipita kila asubuhi akienda kazini. Mama naye akaenda kuosha vyombo, maana wewe ni kaka yake, na tangu uondoke neno gari linamliza.

Lakini mkaza mjomba angekwendaje kazini eda ikimalizika? Wale wazee anaowahudumia wanataka kuoshwa na kuvalishwa kabla mabasi hayajachangamka, na nyumba zao ziko mbalimbali. Wewe ndiye uliyekuwa ukimpeleka. Leseni anayo, ulimfundisha mwenyewe, ulimpigia vigelegele pale barabarani alipofaulu mpaka akajifunika uso. Ila hajawahi kuendesha bila wewe kukaa pembeni. Bila gari, kazi ile hawezi kuishika. Alinambia mimi tu, tena taratibu: "Usimwambie baba yako kama nimesema. Nikisema sasa hivi wataona nawaza gari, siwazi mume." Basi nikamwomba Baba anipe nafasi nifunge taa. Akasema, "Likipita ukaguzi litabaki. Lisipopita, tusisumbuane."

Niliifunga, Mjomba. Kwa bisibisi yako yenye mpini wa manjano. Nilivunja klipu moja na ukucha wangu mmoja. Ikakaa vizuri hata usingejua imenunuliwa wapi. Jioni Baba aliligeuza gari likatazama ukuta wa mapipa ya taka, akawasha taa.

Unajua taa za hapa, mwanga wa chini unapanda kidogo upande wa kushoto, kwenye ukingo wa njia, ili usimchome machoni anayekuja mbele yako. Ile ya zamani ilipanda kushoto. Hii yako mpya ikapanda kulia. Pale ukutani zilikuwa kama watu wawili waliogombana, kila mmoja anatazama kwake. Taa ya nchi wanakoendesha upande wa kulia! Baba akazima, akasema, "Basi," akapanda juu.

Nikaufungua ujumbe wetu wa kuagiza. Nikausoma wote. Tumeuliza goti. Tumeuliza mvua. Tumeuliza kama mtoto wa dada yake ameshapata kazi. Tumemwombea kwa Mungu. Hatukumwambia kuwa huku tunaendesha kushoto! Nikampelekea simu mkaza mjomba, akasoma, akaanza kucheka, akajiziba mdomo kwa mtandio kwa sababu ya eda, na mabega yakawa yanatikisika, na mwisho sikujua tena kama ni kicheko. "Huyo ndiye yeye," akasema. "Huyo ndiye yeye hasa." Ikawa na mimi nacheka, mara ya kwanza tangu makaburini.

Lazima nikuungamie jambo. Bwana Taa alikuwa ameshaandika mara mbili wewe ukiwa huko uliko. "Rafiki, kifurushi kimefika? Watu wa nyumbani hawajambo?" Na mimi nilimjibu kwa jina lako. Hatujambo sote, nilimwandikia. Sote. Nilipenda, Mjomba. Kwenye ile simu ulikuwa bado upo, na aliyekuwa akikuweka ni mimi. Lakini sasa nilihitaji taa, na sikuweza kumwomba mtu kitu kwa mdomo wa marehemu. Nikaona hapo ndipo mpaka ulipo. Huu sikufundishwa. Nimeuona mwenyewe.

Niliandika nikafuta, nikaandika nikafuta. Nilikuwa naanza na kifo, na kila nikianza nacho mkono unakataa. Mpaka nikakumbuka wewe ulivyopigiwa simu kutoka Unguja kuhusu bibi. Wao wakisalimu, nawe ukiitikia, hatujambo, alhamdulillahi, nyie je, hatujambo, ila. Ndiyo ikaja habari. Nilikuuliza kwa nini mtu aseme hajambo na hali amefiwa. Ukasema, "Waliobaki wahesabiwe kwanza."

Nikaandika hivyo. Hujambo, mama hajambo, goti je? Sisi hatujambo, ila mjomba wangu, rafiki yako, amefariki. Moyo wake. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika siku zote, maneno yakiwa yake. Zile salamu mbili za mwisho ziliandikwa nami tu, unisamehe. Na taa uliyotuma ni ya wanaoendesha kulia, kosa ni letu, hatukusema.

Alijibu kesho yake. "Nimemwambia mama. Amelia. Anauliza mke wake anaendeleaje." Mjomba, kuna mama mmoja Uchina, sijui hata mji gani, amekulilia. Chini yake akaandika kwamba taa ya upande wetu ataituma, na ile nyingine tusijisumbue kuirudisha.

Ila ingechelewa, emotii ingekwisha kabla. Kwa hiyo ilinibidi niseme. Kwa mdomo. Tulikuwa tunakula, Baba amenyoosha mkono kuchukua mchuzi, nikasema, "Baba, usiliuze gari." Sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyokusudia, mpaka mdogo wangu akaacha kutafuna. Nikasema mkaza mjomba atalihitaji kwa kazi, lisubiri pale chini eda imalizike, haliendi popote, halili chakula. Sikusema kwamba amenituma, maana hakunituma. Baba alinitazama kama mtu aliyesikia redio iliyoharibika ikiongea. Akasema, "Kumbe unayo sauti." Halafu, "Haya. Lisubiri."

Taa ya pili imekuja. Tuliiwasha mbele ya ukuta ule ule kabla ya kuifunga sawasawa, ikapanda kushoto, pamoja na mwenzake. Baba alilipeleka ukaguzi na mimi nikaenda naye. Limepita. Fundi aliuliza taa gani ni mpya, nikamjibu mimi, si Baba.

Ile iliyopanda kulia ipo kwenye kabati la vikombe, mkaza mjomba kaiweka mwenyewe. Hata Unguja haifai, huko pia tunaendesha kushoto. Wageni wakiuliza anawaambia, "Hiyo ni salamu."

Juzi eda yake imemalizika. Leo asubuhi amevaa, amechukua ufunguo, akanambia, "Waziri, twende." Nilikaa kiti chako. Aliendesha taratibu mno, watu wakatupigia honi barabara nzima, tukaja mpaka huku kwako. Yeye yuko pale kwenye kaburi lako, na mimi nimebaki garini namalizia barua hii, nikitoka nitakusomea. Nitakusomea kwa sauti, Mjomba, hata wakiwepo watu.

Mungu akuwashie nuru humo ndani, isiyomchoma mtu macho. Nami nakuahidi: nitamuuliza kila mtu hali yake kwanza, na breki sitanunua kwa picha.

Hatujambo sote. Mama hajambo, Baba hajambo, mkaza mjomba hajambo, goti la Uchina limepata nafuu. Hatujambo, ila wewe.

Waziri wako,
Salma